Jiwe la Mbinguni na Harusi ya Swafia

Haya, chekeni mapema tumalize, maana aibu hii nimeibeba peke yangu na imenichosha. Mimi ndiye niliyekaribia kuvunja harusi ya mtoto wa kaka yangu kwa jiwe ambalo halijamwangukia hata kunguru.

Mwajua huku Mji wa Kale, kadi ni kadi, lakini mwanamke hajioni kaalikwa mpaka aendewe mlangoni kwa mdomo. Kazi hiyo nikapewa mimi, shangazi mtu, kwa sababu nauza leso Biashara Street na maneno hayajawahi kunipungukia (wenyewe walidhani hiyo ni sifa). Asubuhi ile Swafia, bibi harusi, ambaye ni mwalimu wa fizikia, yuko ndani anapakwa hina ya miguu na anatusomea habari kwenye simu: wataalamu wameona kijiwe angani, huenda baada ya miaka kadhaa kikapita karibu na dunia, na uwezekano wa kutugonga ni mdogo sana. Macho yalikuwa yamng'aa. "Shangazi, hebu fikiri, kitu kidogo hivyo wamekiona kutoka huku."

Nyumba ya kwanza nikaalika vizuri, siku, mahali, inshallah, wakaniitikia huku waangalia televisheni. Iliniuma. Nyumba ya pili nikaongeza kidogo tu, "inshallah, na lile jiwe la mbinguni litupishe," na wallahi televisheni ilizimwa, nikaletewa juisi ya ukwaju na kaimati. Sasa ningeachaje? Nyumba ya tatu ile miaka nikaisahau, ya nne nikaona huo udogo wa uwezekano hauna haja ya kutajwa, na nilipofika ya mwisho jiwe lilikuwa laja wiki ile ile ya harusi na mimi nimeshiba.

Alasiri tuko uani kwa kaka, twamenya vitunguu vya biriani, akaingia Bi Maimuna, mamake bwana harusi, kutoka Kizingo, na dada zake wawili. Hawakutaka kukaa. Akatuamkia wote, akauliza afya, akauliza watoto (huyu akikasirika ndipo adabu humzidi), kisha akasema, "Tumesikia mumeahirisha harusi kwa ajili ya jiwe. Kama kijana wetu hamumtaki, twambieni tu, hatutagombana."

Wanawake wote wakanigeukia. Wifi yangu, mamake Swafia, akashika ukuta, nami natokwa na machozi ambayo si ya vitunguu.

Ndipo Swafia akatoka. Bibi harusi, mbele ya mama mkwe, kabla ya siku yake, hina ya mikono haijakauka. Akamwamkia kwa heshima zake, akachukua punje moja ya mchele, akaipaka hina ikawa nyekundu, akaitia kwenye gunia la mchele wa biriani na kumwomba mamake alikoroge mpaka chini.

"Shangazi, hiyo nyekundu ndiyo jiwe kutugonga. Fumba macho, utoe punje moja. Mara moja tu."

Nikatia mkono, kadamnasi nzima yanitazama, nikatoa. Nyeupe.

"Si kipimo, ni mfano," akasema. "Lakini hao wataalamu hawakufumba macho kama shangazi. Walitazama tena na tena, na kila wakitazama waijua zaidi njia ya lile jiwe. Mimi jiwe silihofu, mama. Nahofu kumkosa mwanao."

Mtoto wa kike kusema hayo uani, mchana, mbele ya watu! Nilimpenda mpaka nikasahau aibu yangu. Bi Maimuna akavua buibui lake, akakaa kwenye mkeka, akaomba kisu.

"Hata lingekuwa laja kesho," akasema huku avuta kitunguu, "huyu tungemchukua leo."

Mimi nikarudishwa mlango kwa mlango kuyafuta niliyoyasema, na dada yake Bi Maimuna nyuma yangu anisikilize kila neno. Lakini habari ya bibi harusi na gunia ilikuwa imenitangulia, na siku yenyewe wakaja tuliowaalika na tusiowaalika, wote wataka kumuona. Biriani likaisha kabla halijanifikia. Nilikula ukoko, nikamtazama Swafia kule juu alipopambwa, nikaapa kwamba nikitumwa tena kualika nitataja siku na mahali, basi, hata wakiniletea kaimati sinia nzima.