Mpaka Ulioizunguka Nyumba ya Mjane

Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani ya matanuri ya zamani ya kuyeyushia chuma huko Usangu. Nilianzia ofisini kwetu Kihesa, nikitafuta madoa meusi kwenye picha za setilaiti, kisha nikaenda kuyakagua kwa miguu, GPS mkononi.

Doa kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye boma la mama mmoja wa Kisukuma, mjane aliyehamia huko na wanawe na ng'ombe wao. Alinipa maziwa ya mgando. Nilipouliza habari za mawe meusi mazito, alicheka, akanitembeza mwenyewe: yapo zizini, yapo jikoni, mengine ameyapanga mlangoni kuzuia maji ya mvua. Nikamweleza kuwa ni mavi ya chuma, masalia ya wahunzi wa kale. Alifurahi. Nami nilifurahi, nikaweka alama kila aliponionyesha.

Niliporudi Kihesa, mkuu wangu, mwanamama aliyenifundisha kazi hii, aliniagiza nichore mpaka wa eneo la kuhifadhiwa. Kompyuta ikaunganisha alama zangu, na mstari ukaizunguka nyumba yote. Ndani ya mpaka kama huo hakuna kujenga wala kuchimba, na wakazi wanaweza kuhamishwa.

Nilikwenda kupima upya, nikiomba kifaa kiwe kimekosea. Hakikukosea. Nikamwomba mkuu tuuvute mstari kidogo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ukifuta alama moja, nani ataamini zilizobaki?"

 Wiki nzima niliifungua ramani asubuhi na kuifunga jioni bila kuigusa. Nikifuta, nimekuwa mwongo. Nikiacha, nimemfukuza aliyenikaribisha.

Niliikabidhi kama ilivyo, lakini kwanza nilikwenda kumwambia mjane mwenyewe. Aliuliza:

"Kwa hiyo nisingekuonyesha, ningebaki?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu, siku nyingine anza kwa kusema hilo."

Uamuzi wa kumhamisha haujatoka hadi leo. Hajahamishwa, wala hawezi kumalizia chumba alichokuwa akimjengea mwanawe. Kuta zimeishia usawa wa madirisha. Mimi sasa nafanya kazi Kilolo. Kwenye kila boma naeleza habari za mpaka kabla sijawasha kifaa. Juzi mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akanirudisha njiani bila kunionyesha kitu. Mkuu aliuliza mbona pale pako wazi kwenye ramani. Nikamjibu kwamba sikuruhusiwa kuingia.