Beki Asiyebutua

Uwanja wa kambi ya wachunaji ulizungukwa na chai pande zote nne, na chai hiyo ndiyo iliyomfundisha Calvince Okello kazi. Mpira ukitoka nje ya mstari, umeingia majanini, na majani ni ya kampuni. Aliyeupiga ndiye aliyeufuata, akitambaa chini ya michai huku Zacheus, nyapara, akifoka kwamba matawi yanavunjwa. Mara nyingine haukuonekana mpaka wachunaji wafike sehemu ile wiki iliyofuata, na wiki nzima ilipita bila mchezo.

"Calvi, butua!" kipa alimlilia aupige mbali, washambuliaji wakija.

"Butua wewe. Mimi siendi kutambaa."

"Beki gani anaogopa majani?" Kinuthia, mtoto wa mwenye duka, alimcheka. "Wewe ungezaliwa mbuzi, ungekufa njaa!"

Basi Calvince akajifunza kugeuka na mpira, kuuficha kwa mwili, kisha kuutoa taratibu kwa mwenzake wa karibu. Kwa ustadi huo alitoka timu ya kambi akaenda klabu ya mjini Kericho, halafu ligi kuu Nairobi, halafu Ndola, Zambia, kwa miaka miwili, na alipofika ishirini na sita, mji mmoja mdogo wa Uswidi wenye misitu mingi kuliko watu. Kila kocha alimuuliza nani alimfundisha utulivu ule. Alisema ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliona haya kusema ni chai.

Mwaka huu ulikuwa wa sita huko, na wa nne bila kukanyaga Kenya. Likizo moja ilikwenda na upasuaji wa goti, nyingine na karatasi za kibali, ya tatu hakumbuki hata ilikwendaje. Ugenya, alikozikwa baba yake, alikuwa amemjengea mama nyumba ya matofali, vyumba vinne na vigae, lakini hakuwahi kulala humo wala kuiota. Alichokiota ni chumba kimoja cha kambi chenye jiko nyuma, pazia la maua lililomtenga na kitanda cha mama, na mvua ya mawe ya alasiri ikipiga bati mpaka watu wanyamaze katikati ya sentensi, wangoje ipite, kisha waendelee pale walipoachia.

Mwezi wa tisa mama yake, Dorcus, alimpigia simu. Alikuwa amechuna majani miaka thelathini na mmoja.

"Wamenipa barua ya kustaafu," alisema. "Nyumba narudisha tarehe thelathini na moja mwezi ujao. Nitaenda Ugenya."

"Nitakuja kabla hujatoka, Mama."

"Kufanya nini? Nyumba ni ya kampuni. Hata misumari ya ukutani ni yao."

"Nataka tu kuketi ndani."

"Kuketi! Huko hakuna viti?"

Wakacheka wote wawili. Kisha mama akasema sufuria inaungua, akakata simu.

Klabu ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Zilipobaki mechi mbili alimwendea kocha, akamweleza. Yule mzee alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema: tukishinda Jumamosi hii tumesalimika, na mechi ya mwisho nitakuachilia. Panda ndege Jumapili. Calvince akahesabu kwa vidole. Angefika Jumatatu, na mama alikuwa anatoka Ijumaa. Siku nne. Zilimtosha kabisa.

Jumamosi hiyo, dakika ya themanini na tisa, walikuwa wanaongoza bao moja. Mpira ulimfikia karibu na kibendera cha kona, na mshambuliaji alikuwa mgongoni. Kipa alipiga kelele, na Calvince alielewa neno lile, butua, kwa Kiswidi kama alivyolielewa kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mstari palikuwa na ubao wa matangazo na theluji nyembamba. Hapakuwa na majani ya kutambaa chini yake wala nyapara wa kufoka. Mguu wake haukuyajua hayo. Aligeuka na mpira, akauficha, akamtafuta mwenzake wa karibu, na yule mshambuliaji akapenyeza mguu akaunyakua. Akafunga. Sare, bao moja kwa moja.

Katika chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemlaumu. Kocha alimshika bega tu, akasema, "Jumamosi ijayo ninakuhitaji." Calvince aliitikia kwa kichwa. Kitu kile kilichomfikisha mbali namna ile ndicho kilichomzuia kurudi.

Jumamosi iliyofuata walishinda. Alibutua kila kilichomjia. Jumapili akapanda ndege, na Jumatatu, siku tatu baada ya mama kutoka, akashuka kwenye gari la kukodi mbele ya kambi. Chai ilikuwa imekatwa na mashine, sawasawa kama meza. Mlangoni kwao palianikwa nguo za mtoto mchanga, na mwanamke kijana alikuwa akiosha vyombo.

"Unatafuta nani?"

"Kulikuwa na mama hapa..."

"Mama Calvi? Alienda Ijumaa na lori." Mwanamke alimpima kuanzia viatu hadi kichwani. "Ngoja. Wewe ndiye huyo mrefu? Mimi Nyabate. Ingia, ingia. Alisema utakuja."

"Alisema?"

"Tena alinisomea sheria. Nisikuulize maswali, nisiite majirani. Eti unataka tu kuketi. Nikafikiri mama huyu anachanganyikiwa." Akapangusa stuli kwa kanga. "Uketi wapi?"

Ndani palikuwa na televisheni kubwa, kochi la kijani, kuta zimepakwa rangi mpya. Pazia halikuwepo. Calvince alionyesha pembe aliyokuwa akilala, ambapo sasa palisimama kitanda cha mtoto. Nyabate alikisukuma kitanda kando taratibu, mtoto asiamke, akaweka stuli.

"Mume wangu anaendesha mashine, anatoka saa kumi. Hapo nitahitaji nafasi nipike," alisema. "Sasa ni saa saba."

Akarudi kwenye vyombo vyake, akaurudisha mlango nyuma yake. Calvince akavua viatu, akaviweka kando ya ukuta, akaketi.