Ua la Mama

Juzi, ukumbini Bariadi, dada mmoja wa kamati alinibandika ua kifuani kwa pini, kwa kuwa mimi ndiye mama wa bibi harusi. Nikakumbuka harusi ya dada yangu, nilipokuwa mtoto mdogo. Nyumba nzima ilinukia pilau na mafuta ya nywele. Dada alivaa ua, kisha mama naye akabandikwa la kwake. Mimi nilichojua ni mnada wa Mwandoya: ng'ombe akishapakwa rangi ameuzwa, harudi zizini. Nikalinyofoa ua la mama, nikalitia mdomoni.

“We mtoto, unakula maua?” mama akauliza.

“Usiondoke na dada,” nikalia.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sasa najua ua ni pambo tu. Lakini juzi, binti yangu alipoinama kuniaga, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ua lake.