Bibi na Milango ya Gemu

Juzi nilikuwa Zinga kwa kaka yangu. Tulikuwa tumeshakula, vyombo vimeshaoshwa, ndipo mwanawe akaja kunitia mkononi pedi ya kuchezea gemu. Akaniambia lile gemu letu la zamani, tulilokuwa tukimsimulia kila mara, limeundwa upya, nije nilione. Mimi nikaingiwa na wasiwasi papo hapo. Kitu nilichokipenda utotoni nikiambiwa kimerudi, tena kizuri kuliko zamani, huwa nauliza kwanza kimerudi kufanya nini. Mtoto akaanza kunisomea kwenye simu maoni ya mashabiki. Mmoja ametokwa na machozi alipousikia muziki wa mwanzo, mwingine anaapa kwamba vivuli vya miti vinapumua, na wa tatu alilitunuku gemu nyota zote hata kabla halijaanza kuuzwa. Huyo wa tatu ndiye niliyemshuku zaidi. Lakini kusema kweli watu hao nawajua vizuri. Nimekua nao, kwenye jamvi la Bibi kule Bagamoyo mjini, na simkumbuki hata mmoja aliyewahi kulisemea gemu neno la kiasi.

Ukumbi wa Bibi ulikuwa na sakafu ya saruji nyekundu, baridi hata mchana wa Januari. Kutoka uani ilikuja harufu ya tui linalochemka na sauti ya mbuzi ikikwaruza nazi. Runinga ilikaa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Baba yetu mdogo, aliyekuwa fundi wa mitambo melini, ndiye aliyetuletea mashine ya gemu, kuukuu lakini nzima, pamoja na magemu mawili, la mpira na la safari. Alichosahau ni ile kadi ya kuhifadhia. Maana yake, mashine ikizimwa tu, yote uliyoyafanya yanafutika, unarudi mwanzo, mtu wako ana fimbo tu mkononi. Kwa hiyo wakati wa likizo tuliiwasha baada ya chai, tukaiacha ikiwaka mpaka umeme ukatike. Na umeme wa Bagamoyo hatukuuamini hata kidogo.

Watoto wa mtaa mzima walijaa pale, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Kaka yangu alishikilia kwamba maji ya mto wa lile gemu la safari ni maji kuliko ya bahari yetu, kwa kuwa yale yanameta hata mawingu yakitanda. Mtoto wa fundi cherehani yeye alikuwa mtu wa mpira, na alisema gemu la safari ni la watu wasio na timu. Kulikuwa na mwingine aliyeamini mashine inaiba. Alisema inavitazama vidole vyako, inajua unataka kubonyeza nini, halafu inakuwahi. Alicheza akiwa ameificha pedi ndani ya shati ili mashine isione. Tulimcheka sana, halafu baada ya siku chache baadhi yetu tukaanza kuingiza pedi ndani ya shati vilevile.

Bibi hakuipenda mashine ile tangu ilipotolewa kwenye boksi. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani akisuka ukili wa mkeka, jicho moja kwenye ukili na jingine kwetu. Gemu la safari lilikuwa na kijana mwenye joho la buluu anayemtafuta dada yake aliyepotea. Akifika mji wowote huingia nyumba moja baada ya nyingine, akafungua makasha, akachukua anachokikuta. Sisi hatukuona ubaya wowote. Siku Bibi alipolitazama vizuri, aliuweka ukili chini, akauliza huyu mtu anaingia nyumba za watu bila hodi. Kaka akamweleza kwamba ni gemu tu, humo hakuna mtu. Bibi akamuuliza, kama hakuna mtu, hivyo vitu vya kwenye makasha ni vya nani. Bibi akaongeza kwamba mji wenyewe anautilia shaka, nyumba zote hizo na hakuna jiko hata moja linalotoa moshi, hao watu wanakula nini. Akasema mashine itarudi kwa mwenyewe.

Aliyetuokoa ni msichana wa jirani. Shangazi yake, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuwa amemtoa Kiwangwa aje asome mjini. Alikuja kucheza akishamaliza kuchota maji na kufua, mikono bado ikinukia sabuni. Maneno yake yalichanganyika na Kikwere na watoto walimtania kwa hilo, lakini kwenye gemu hakuna aliyemfikia. Na ndiye pekee asiyekuwa na maoni. Hakusifu wala hakuponda, alicheza tu. Siku ile alimwambia Bibi, kwa sauti ndogo, basi tutakuwa tunapiga hodi.

Ikawa ndiyo sheria ya jamvi lile. Kijana wa joho la buluu akifika mlangoni, mwenye pedi anasema hodi, na Bibi anaitika kutoka uani, karibu, kwa niaba ya watu wa mji ule. Hapo ndipo unaingia. Kama hujaitikiwa unasema tena, na hodi ya tatu isipojibiwa unageuka unaondoka, kama tulivyofundishwa tufanye kwenye nyumba za watu. Usidhani Bibi aliitika ovyo. Nyumba nyingine alizishuku kwa rangi ya mlango. Na kama uwanja haujafagiliwa au mchele haujachambuliwa, mji mzima ulikuwa kimya, kijana anahangaika nje mpaka mtu anyanyuke akashike ufagio. Nadhani hakuna watoto wengine duniani waliolicheza gemu lile namna hiyo, na nilipenda kuliko ninavyoweza kukueleza.

Kisha kikuku cha jirani, yule shangazi yake, kikapotea. Kilikuwa cha fedha, aliachiwa na mama yake, na alikiweka kwenye kasha chumbani kwake, chumba ambacho hakuna aliyeingia bila hodi. Jirani akaja kwa Bibi, amejifunga khanga kiunoni, na hakukaa. Alisema hana haja ya kwenda kwa mganga, mwizi anamjua. Alikuwa amepita dirishani kwetu, akamwona kwa macho yake yule mtoto wa kaka yake akifungua makasha ya watu, moja baada ya jingine, na sisi tunamshangilia. Kesho kutwa kulikuwa na lori la mananasi linarudi Kiwangwa tupu, na msichana angepanda hilo na sanduku lake. Shule ingekuwa imeishia hapo.

Niliogopa. Msichana yule alikuwa rafiki yangu, na mambo ya gemu yalikuwa yamegeuzwa ushahidi, nami sikujua unayapinga vipi. Nilingoja Bibi amtetee. Hakumtetea. Bibi alishuku kila mtu, hata sisi wajukuu zake alituhesabia kashata, na uso wake siku ile ulionyesha kwamba hata msichana yule amemtia kwenye hesabu. Alimwambia jirani aje kesho alasiri, akae kwenye kiti amtazame msichana anavyocheza, halafu ndiyo aamue. Jirani alikubali haraka, kama mtu anayeitwa kuhakikisha jambo alilokwisha kulijua.

Kesho yake ndiyo siku tuliyokuwa tumefika mbali kuliko siku zote. Umeme ulitulia tangu asubuhi, na kaka alikuwa amemfikisha kijana wetu mji wa mwisho. Kulikuwa na mtoto mmoja wa Dar, aliyekuja kwa ndugu zake, aliyetuapia kwamba dada anayetafutwa yumo kwenye nyumba yenye mlango mweusi katika mji ule. Wengine hatukumwamini, lakini wote tulitaka kuuona mlango huo ukifunguliwa. Bibi akaagiza pedi apewe msichana. Alikuwa amelia, macho yamevimba, akasema hataki kucheza. Bibi akamwambia acheze. Jirani alikaa kwenye kiti na mikono kifuani. Bibi akaenda kukaa uani, hatumwoni.

Ndani ya gemu jua lilikuwa linazama, na jua likizama mbwa mwitu hutoka. Kijana alikuwa amebakiwa na uhai kidogo sana. Msichana akamkimbiza mpaka kwenye mlango mweusi, akamsimamisha.

"Hodi," akasema.

Uani kimya. Ukili tu ndio uliosikika, ukisuguana.

Akasema hodi ya pili. Mbwa walikuwa wameshatokeza kwenye miti. Kaka akamnong'oneza aingie, na yule wa pedi ya ndani ya shati akamnong'oneza aingie, hata wa mpira akasahau kwamba hapendi. Nami nilitaka aingie, nakiri, nilibana pindo la gauni langu nikitaka aingie. Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu, kwenye kiti. Jirani alikuwa ameinama mbele, mikono imeshuka magotini, macho kodo.

"Ingia basi, mwanangu, watakumaliza hao."

Msichana akasema hodi ya tatu. Haikuitikiwa. Akamgeuza kijana, akamwondoa mlangoni, na mbwa wakamfikia kabla hajavuka uwanja. Kioo kikawa cheusi. Kazi ya siku nzima ikawa imepotea, na yule dada hatukumwona, wala mlango mweusi hatukuufikia tena mpaka mashine ilipokufa.

Bibi akatokea na ukili wake.

"Aliyemwambia aingie ni wewe," akamwambia jirani.

Jirani akafungua khanga kiunoni akajitanda upya, akamshika mtoto mkono wakaenda nyumbani. Lori la mananasi liliondoka bila msichana. Alimaliza darasa la saba pale pale, akafaulu, na sasa yuko Lugoba, ana duka la vifaa vya shule. Kikuku hakikuonekana. Mwezi ule ule mtoto mkubwa wa kiume wa jirani alionekana na baiskeli mpya, lakini Bibi alitukataza hata kuitazama kwa muda mrefu.

Nami nina ugonjwa wa Bibi, siamini kitu moja kwa moja. Tulipokutana na rafiki yangu kwenye harusi moja, watu wazima sote, nilimuuliza kama siku ile alijua kwamba anajaribiwa. Alicheka akaniongezea pilau. Akaniambia sisi wa mjini tuna wasiwasi mwingi, yeye alikuwa analia tu, na hodi ndiyo iliyokuwa sheria. Nusu ya moyo wangu ilimwamini. Nusu nyingine bado inamtazama, ingawa siku hizi inamtazama kwa mapenzi.

Bibi ameshatutoka. Nyumba iliuzwa, sasa ni ya kulaza wageni, na mlangoni wameweka kengele ya kubonyeza. Nilipita siku moja nikasimama mbele yake, nikashindwa kuibonyeza. Watoto wa jamvi wametawanyika. Mwana wa kaka anacheza na watu asiowajua, wako nchi sijui gani, wanabishana masikioni mwake na mimi nasikia upande mmoja tu wa ubishi. Sijui kama nao wana bibi.

Basi juzi pale Zinga nilishika pedi. Mashabiki wale hawakusema uongo, hata yule wa nyota zote nampa haki yake. Maji ya mto ni mazuri mno, kaka alikaa kuyatazama. Na kwenye mapaa ya nyumba, nikashtuka, siku hizi wameweka moshi. Watu wa mji ule wanapika. Nilitamani kumwita mtu aje aone.

Nikamfikisha kijana kwenye mlango wa kwanza.

"Hodi," nikasema.

Mtoto akanigeukia. Nikasema ya pili. Kaka alikuwa akilitazama lango la ua wake, mahali ambapo palikuwa na ndoo na kamba ya nguo tu. Nikasema ya tatu.

"Shangazi, ingia tu," mtoto akaniambia kwa upole. "Hakuna mtu humo."

Nikamgeuza yule kijana, nikaondoka naye mlangoni.