Kuvua na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizaliwa kando ya ziwa, kule kaskazini, na ingawa ameishi Ubaruku miaka mingi kati ya ng'ombe na mpunga, hajaacha kupenda kuvua. Havui kwa njaa. Anavua kwa raha zake, kwa mshipi na fimbo ya mwanzi, kwenye mfereji mkubwa wa mashamba. Lakini magoti yamechoka, na wanawe wakapiga marufuku: asiende mferejini peke yake, na siku akiteleza, basi, mshipi unachomwa moto.

Msimu ule wa mavuno kila mtu alikuwa shambani. Mwenye nafasi nilikuwa mimi tu, niliyekuja likizo kutoka Igowole, nami ndiye nisiyefaa kabisa. Kwao, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawasemeshani, na kugusana ndiyo aibu ya mwisho. Nilimwona kakaa uani, anaunyoosha mshipi wake na kuukunja tena. Roho ikaniuma. Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya kusikika hadi uani, kwamba kesho nakwenda mferejini, na anayetaka kunifuata anifuate.

Mama alinifuata kwa mbali, na mbwa wao. Nikaketi nimempa mgongo. Mimi nimekulia kwenye ukungu na viazi. Samaki nilimjua akiwa tayari mkavu. Haukupita muda nikasikia nyuma yangu:

"We mbwa, mwambie huyo bwana apunguze vishindo. Samaki wana masikio."

"Mbwa," nikajibu, nimeshaanza kukasirika, "mwambie mama mbu wananimaliza huku."

"Mwambie kwetu ziwani hata watoto wanavua bila kulialia."

Nilicheka, hasira ikaniishia. Tukaendelea hivyo kila asubuhi, na nikajikuta nampenda yule mama kuliko nilivyotarajia.

Siku moja kambale mkubwa akauvuta mshipi, naye mama hakukubali kumwachia. Nikasikia maji yakirushwa. Kugeuka, yumo mferejini hadi kifuani, fimbo kaing'ang'ania na kambale bado yuko kwenye ndoano. Niliingia na viatu vyangu, nikamshika mkono, nikamvuta hadi ukingoni. Njia nzima ya kurudi hatukusemeshana. Hata mbwa hakutumwa.

Nyumbani wanawe wakamzunguka, nguo zake zinachuruzika maji. Nikawahi kusema, "Mimi ndiye niliyeteleza. Nikamrushia maji."

"Anadanganya," mama akasema. "Nimeanguka mimi. Yeye kanishika mkono, huu hapa."

Mke wangu akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Shemeji yangu mkubwa akainamisha kichwa, nami nikajua mshipi ule umekwisha. Mama akamtupa kambale kwenye beseni.

"Kama mnaona haya mkwe wangu kunishika, kesho nipelekeni ninyi."

Wakatazamana. Mpunga ulikuwa bado umesimama shambani, na mwenye nafasi nilikuwa bado mimi tu.