Kisima cha Kartie Mbili

Kila Jumamosi, hapa Makomeno, Lubumbashi, ninapoishi sasa, majirani huchota tope la mfereji na kulirundika kando ya barabara. Wananawa mikono, wanaenda zao. Mvua ikinyesha, tope lote linarudi mferejini. Na harufu yake, mawe! Inaingia mpaka kwenye sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Nafunga dirisha kwa hasira, na bado harufu inanirudisha kwenye ile cité, mji mdogo wa njia ya Mitwaba, nilikozaliwa.

Ilikuwa cité ya kartie, yaani mitaa, mbili tu. Upande mmoja Misheni, upande mwingine Soko, na katikati korongo. Chini ya korongo kulikuwa na kisima chetu, sisi wa nyumba za bondeni. Kila kartie ilikuwa na shefu wake wa kuiongoza, na kila Jumamosi asubuhi mashefu hao waliwatoa watu wote kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha. Na watu walifagia, usicheze! Maganda ya mihogo, matumbo ya mbuzi, nepi za watoto, vyote vilisukumwa mpaka mwisho wa kartie. Na mwisho wa kartie, kwa pande zote mbili, ulikuwa korongo. Kwao huo ndio ulikuwa usafi: uchafu ukishafika mpakani, si wako tena.

Mvua ilimalizia kazi. Ndoo ilitoka kisimani na utelezi wa kijani, siku nyingine na manyoya ya kuku. Mdogo wangu Ngoyi aliharisha mpaka akabaki shingo na macho. Mama akaenda kwa shefu wa Soko.

"Mama, ile buchafu iko ya bale ba Misheni."

Akaenda kwa shefu wa Misheni.

"Aka! Iko ya bale ba Soko."

Mimi niliwahurumia mashefu. Nilidhani hawajui. Nilidhani wakiona tu, mambo yatakwisha.

Ndipo tukasikia mkubwa wa teritware, wilaya yetu nzima, anakuja kututembelea. Salongo ya wiki ile ilikuwa ya ajabu. Barabara iling'aa, korongo likajaa pomoni. Akina mama waliambiwa walete munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, cha kuwapokea wageni. Mama yangu akaja na jagi la maji ya kisima, basi. Chini ya bashi, turubai la wageni, mbele ya mkubwa, akawapigia mashefu wote wawili magoti, kichwa chini, kama binti yeyote aliyelelewa vizuri, akawajazia vikombe.

"Kunyweni, ba papa. Ni mayi ya kwenu bote babili."

Shefu wa Soko alichungulia kikombe. "Mama, leo nafunga."

Wa Misheni akajishika koo. "Docteur alinikatazaka mayi."

Mkubwa akacheka, akadhani ni utani wa watu wa pale. Chupa za sucré, soda tamu, zikaletwa, na yule aliyesema anafunga akawa wa kwanza kumaliza yake.

Nilirudi nyumbani na furaha, jamani. Wameona! Nikamwambia Ngoyi apone haraka, kisima kitasafishwa. Jumamosi iliyofuata nikasimama chini ya korongo kungoja. Nikasikia mafagio huko juu, pande zote mbili, kisha matumbo ya mbuzi yakaja yakiteleza mpaka miguuni pangu.

Ngoyi alipona tulipohamia Lubumbashi, na mimi nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Mtu asiyejua angekunywa. Wale walijua vizuri kabisa. Nyumbani kwao walichota kwenye bomba la mapadri. Mama naye alijua kwamba wanajua. Alitaka tu mkubwa awaone wakikataa, na mkubwa akaona, akacheka.

Siku ile ya mgeni, maji ya vikombe hatukuyamwaga. Mama aliyarudisha kwenye jagi, kikombe kimoja kimoja, tukashuka nayo bondeni. Jioni aliyasongea bukari, ugali wetu, na Ngoyi akaomba aongezewe.