Shusha Wawili

Shemeji yangu ni fundi mizani. Gari hana, maduka yote ya nchi hii ndogo anayafikia kwa basi, amepakata mfuko wa mawe ya mizani. Ni mpole kupita kiasi, hata mimi nisiye na maneno namshangaa. Kupaza sauti ili kondakta amsikie hawezi. Ndiyo maana dada yangu alikuwa akifuatana naye, na kituo kikikaribia, yeye ndiye aliyeita, "Shusha wawili!" Kisha alimtania mumewe kwamba bila mdomo wake, siku moja atalala gereji.

Dada alipofariki, utani ule ukawa kweli. Kama hakuna abiria mwingine anayeshuka, shemeji anapitilizwa hadi mwisho, halafu anarudi kwa miguu, mawe begani. Makondakta wakambandika jina, Mwisho wa Njia. Kiti cha dirishani kando yake hakikaliwi. Ukiuliza, anasema kwa sauti ya chini kwamba kina mwenyewe.

Mwezi uliopita mama yetu alizidiwa. Akawa anamtaka mkwewe, ambaye tangu mazishi hakuwahi kukanyaga kwetu. Nilipofika kituoni kumpokea, basi lilikuwa linapita. Nilimwona ndani, midomo inacheza, sauti haitoki. Nikakaa kusubiri lirudi, nikiomba safari hii arudi nalo, asitembee. Nyumbani mama anahesabiwa pumzi, na mtu wake ndio kwanza anapelekwa mwisho wa njia.

Basi lilipotokea tena kwenye kona, kabla sijanyanyua mkono, nikasikia kutoka ndani:

"Shusha wawili!"

Sauti ilikuwa ya shemeji, nyembamba, imekwaruza. Lakini namna ya kuyavuta yale maneno ilikuwa ya dada.

Akashuka peke yake. Kondakta akabaki ameshika mlango, anachungulia viti vya nyuma.

"Na mwenzako, mzee?"

Shemeji alikuwa amesogea kando, kama anayempisha mtu. Nami nikajikuta nimesogea.

Mama tulimkuta macho. Nikakaa kitandani, miguuni pake. Shemeji alipoinama kumwamkia, mama akamshika mkono, akasema amechelewa lakini amefika. Kisha akatazama mlangoni, nyuma ya shemeji.

"Na wewe unasimamia nini hapo? Ingia."

Hakuna aliyegeuka. Shemeji alivuta kiti, akakiweka karibu na kitanda. Halafu akavuta cha pili.